Bakshishi: maana yake, na mahali pake kwenye meza ya pool

Ukiingia ukumbi wa pool hapa Malindi saa mbili usiku, utaona sarafu zimepangwa mstari ukingoni mwa meza. Ni za shilingi 20, zile mpya zenye ndovu, na kila moja ina mwenyewe. Hiyo ndiyo foleni. Ukitaka kucheza unaweka yako mwisho wa mstari, unaegemea ukuta, unangoja. Anayeshinda anabaki mezani, anayeshindwa anapisha, na sarafu inayofuata inasukumwa tunduni, mipira ikaporomoka tumboni mwa meza kwa kishindo.

Sarafu ile ni ada ya mchezo, na kijana anayetunza meza haoni hata senti yake moja. Kisanduku kina kufuli. Ufunguo anao mwenye meza, ambaye mara nyingi hata si mwenye ukumbi. Huja siku yake, humimina sarafu kwenye mfuko, huhesabu, hugawana na mwenye nyumba, huyoo anakwenda zake. Nimeanza na hili kwa sababu watu wengi wakisikia habari ya bakshishi huruka na kusema, "Mimi nimeshalipa." Kweli wamelipa. Lakini wamemlipa nani?

Neno lenyewe, ambalo wengine huliandika bakhshishi, asili yake ni Kiajemi, kutoka kitenzi chao chenye maana ya kutoa au kukirimu. Limefika pwani kama yalivyofika mengi, kinywani mwa wageni wa jahazi, na hata leo Mturuki, Mwarabu na Mhindi wote ukiwatamkia watakuelewa. Kwa Kiswahili bakshishi ni kitu, aghalabu pesa, anachopewa mtu aliyekuhudumia, juu ya malipo yake, baada ya kazi, kwa hiari ya mtoaji. Ondoa sharti moja kati ya hayo, na jina linabadilika papo hapo.

Ikiwa mtu ana haki ya kukidai, hiyo ni ada au ujira. Akipewa na mwajiri anapoondoka kazini, kwa mujibu wa mkataba, ni kiinua mgongo. Akipewa bila kukufanyia lolote, kwa ajili ya Mungu, ni sadaka. Na ikitangulia kazi, ili kazi ifanywe, au ifanywe haraka, au ikuelekee wewe na kumwacha aliyewahi kabla yako, hiyo ni hongo, hata ikiwa ni shilingi 50, hata ukiiita chai, hata ukiisindikiza na methali ya mkono mtupu haulambwi. Kenya ina Sheria ya Rushwa ya mwaka 2016, lakini kwa hili la pesa kutangulia kazi huhitaji wakili. Kutazama saa tu kunatosha.

Nililielewa kwa aibu. Ilikuwa Idi pili, ukumbi umejaa hadi barazani, na mbele ya sarafu yangu kulikuwa na nyingine tisa. Nikamwita kijana wa meza kando, nikamtia noti ya mia kiganjani, nikamwambia, "Ya soda." Moyoni nilijiona mkarimu, nimetoa bakshishi mapema kidogo tu. Yeye akaelewa alivyoelewa. Baada ya michezo miwili nikaangalia, sarafu yangu ni ya pili. Kulikuwa na mzee mmoja mvuvi pale, aliyekuwa akiufuata ule mstari kwa macho tangu alasiri. Akainuka, akaokota sarafu yake, akaitia mfukoni mwa shati. Hakunigombeza. "Mwanangu," akasema, "soda hiyo ungemnunulia ukimaliza kucheza." Akavaa kandambili zake akatoka.

Kijana sikumlaumu. Angefanyaje? Pesa ikitangulia, anayepokea lazima ajiulize anatakiwa kufanya nini, na jawabu lililokuwa karibu yake usiku ule lilikuwa ile foleni.

Sasa, huyo kijana wa meza hufanya nini hasa, hata mtu afikirie kumwachia kitu? Keti ukumbini usiku mmoja umwangalie. Anapiga kitambaa brashi, upande mmoja, kutoka juu kwenda chini, ili vumbi la chaki lisiuvute mpira. Anavunja noti yako kuwa sarafu, na sarafu za 20 si rahisi kupatikana mtaani kama unavyodhani. Mchana kutwa amezunguka madukani akizikusanya. Ncha ya fimbo ikibanduka ngozi anaibandika kwa gundi na kuisugua kwa msasa. Mpira ukikwama tumboni mwa meza, ufunguo hana, kwa hivyo anapitisha mkono kwenye shimo mpaka kiwiko, uso umegeukia ukutani, anaupapasa mpaka autoe. Stima zikipotea anawasha tochi ya simu yake na kuishikilia juu ya meza mpaka mchezo uishe, betri ni yake. Na ugomvi wa nani alifuata nani unapozuka, yeye ndiye kadhi, ingawa umri wake ni wa kutumwa maji na kila mtu aliyemo mle ndani.

Hayo ndiyo bakshishi inayapima. Asilimia hapa haina kazi. Ukichukua asilimia 10 ya mchezo wa shilingi 20 utampa mtu shilingi 2, na hayo ni matusi. Mimi nikicheza michezo mitano nimeitilia meza shilingi 100, na nikimwachia kijana 20 au 50 ninapoondoka hakuna atakayenishangaa. Nikicheza mmoja nikaenda zangu, sitoi kitu na wala hatarajii. Lakini nikimfanya akatafute fimbo iliyonyooka, akaniletea kahawa kutoka ng'ambo ya barabara, akanishikia tochi nusu saa, kisha nikatoka na "asante" tupu, nitakuwa nimemtumia mtoto wa watu.

Kuna wanaowekeana pesa mezani. Mila yao ni kwamba mshindi humtupia kijana sehemu ya alichokula. Mimi hiyo naiita kamari, na najua vijana wawili wasioigusa pesa hiyo, na wengine wanaoigusa wakanunulia unga wa ugali. Siwaamulii.

Jinsi ya kutoa nayo ina adabu yake. Mkono wa kulia, noti imekunjwa, sauti ya chini. "Shika hii, ya maji." Usiirushe juu ya kitambaa kana kwamba unalisha kuku, na usimwite mbele ya wenzake uone wangapi watageuka. Na usimpe bakshishi mwenye mali. Mzee mwenye ukumbi akikupangia mipira kwa mkono wake, ukimwachia shilingi 50 umemshusha kuwa mtumishi nyumbani mwake. Mwagizie kikombe cha kahawa chungu mwenye dele akipita, naye atakunywa na wewe, mambo yaishe hapo.

Tofauti na hiyo ni tuzo ya taarab, ambayo watu huichanganya na bakshishi kwa kuwa zote ni noti. Tuzo haifichwi. Mama anainuka kitini, anacheza polepole mpaka mbele, anamwekea mwimbaji noti huku ukumbi mzima ukimtazama, na nusu ya ujumbe ni kwa mwingine aliyeketi safu ya nyuma ambaye beti ile imemgusa. Ukimtuza mwimbaji kimyakimya nyuma ya pazia hujamtuza. Tena inatolewa wimbo ungali unaendelea. Wazee wetu walikuwa na majina kwa kila namna ya kutoa: fundi aliyemfunza mtoto wako kazi alipewa kilemba, na arusini kuna kifungua mlango na kipa mkono. Hizo zote zina wakati wake, na ukijisahaulisha wapo shangazi wa kukukumbusha kwa vigelegele na kukuzibia mlango. Bakshishi haina shangazi.

Mahali pengine pa starehe nitapita haraka. Banda la kuonyesha mpira hapana bakshishi: unalipa mlangoni, unabanana kwenye benchi, basi. Bwawa la kuogelea la hoteli, yule anayekupa taulo na kukuwekea kiti kivulini anastahili kitu ukiwa umeshinda siku nzima. Kasino simo, lakini kwa walioko: desturi ya kasino nyingi duniani ni kwamba mgawa karata haruhusiwi kutia kitu mfukoni, kwa hivyo bakshishi hutolewa kwa chipu, vile vibao vya kuchezea badala ya pesa, na kuingia kwenye kisanduku cha wote.

Mashua ya kioo, ile unayotazamia samaki kupitia sakafu yake, nayo inataka maneno mawili zaidi, maana wageni wa kutoka bara huchanganyikiwa. Tiketi ya hifadhi ya bahari, iliyotengwa tangu 1968, ni ya KWS, shirika la serikali la wanyamapori, na hulipwa kwa eCitizen, mtandao wa malipo ya serikali. Kodi ya mashua ni mapatano yako na nahodha. Bakshishi ni ya yule aliyekushika mkono ulipopanda, akakutafutia miwani ya kupigia mbizi isiyovuja, akakushikilia kiuno bahari ilipochafuka. Hutolewa miguu ikiwa mchangani. Kama mlikuwa na watu wawili wa mashua, wape sawa au wape pamoja, usimwone wa usukani tu. Na mtu akikuokotea kombe huko chini ili ubebe nyumbani, pesa utakayompa kwa hilo haiitwi bakshishi, kwa kuwa kutoa kitu hifadhini ni kosa.

Malindi tuna mkorogo wetu wa ziada, wa Wazungu. Waitaliano walianza kuzoeleka hapa miaka ya 1960, wakati wa kituo chao cha roketi cha San Marco huko Ngomeni, kilichorusha setilaiti kwa mara ya kwanza 1967. Utasikia mhudumu akinung'unika kwamba Mtaliano ni mkono wa birika, na Mmarekani ndiye mwenye moyo. Si hivyo. Kwa Mtaliano, bili ya mkahawa mara nyingi ina coperto, pesa ya kuketi inayohesabiwa kwa kila kichwa, na mancia, ndiyo bakshishi yao, ni sarafu chache tu za kuzungushia hesabu. Marekani mambo yamekaa upande mwingine. Sheria ya shirikisho inamruhusu mwajiri kumlipa mhudumu anayepata bakshishi dola 2.13 kwa saa, kiwango ambacho hakijasogea tangu 1991, mradi bakshishi ifidie kilichobaki mpaka kima cha chini cha kawaida. Baadhi ya majimbo yameweka viwango vya juu zaidi. Kule mtu anakodi meza ya pool kwa saa, analetewa vinywaji mezani, na anaacha asilimia 15 hadi 20 akijua kwamba anamalizia mshahara wa mtu. Akija hapa anatoa vilevile kwa mazoea. Kenya hatuna kima cha chini cha pekee kwa wanaopewa bakshishi. Mwajiri wa Malindi anayemwambia kijana "utajilipa kwa wageni" anaazima desturi ya Marekani bila sheria yake.

Kwenye hoteli kubwa soma bili kabla ya kutoa. VAT ya asilimia 16 na tozo ya utalii ya asilimia 2 ni za serikali, mhudumu hana chake humo. Ikiwa pameandikwa pia ada ya huduma, hiyo ndiyo bakshishi iliyokwisha kutolewa kwa niaba yako. Sheria ya VAT yenyewe haiikati kodi ikiwa inagawiwa wafanyakazi badala ya bakshishi na haizidi asilimia 10. Si vibaya kumuuliza mhudumu, kwa upole, kama huwafikia. Uso wake utakujibu kabla ya mdomo.

Simu imeleta kosa jipya ambalo nami nimelifanya. Kuna ukumbi nilikuwa nikilipia soda na chipsi kwa namba ya till, na kila mara nazidisha kidogo, namwambia kijana, "Hiyo ya juu ni yako." Naye anaitikia, "Sawa, kaka." Baada ya miezi kadhaa ndipo nikajua kwamba till ile inaingia kwenye simu ya tajiri, na tajiri anaona jumla tu. Kijana aliona haya kuniambia. Siku hizi nalipa deni la ukumbi kwenye till, kisha namwomba namba yake mwenyewe. Kutuma shilingi 100 au chini yake kwa M-Pesa hakuna makato, na ndiyo sababu wengi wetu tumezoea kuishia mia. Ujumbe unaingia akiwa ameinamia meza anapanga mipira kwenye pembetatu; anaitoa simu, anasoma, anairudisha mfukoni, na bila kugeuka ananionyesha dole gumba lililojaa chaki ya buluu.