"Kiwango" katika kemia maana yake nini hasa?

Mzazi wa hapa Mombasa akiitwa shule na kuambiwa mwanawe achague kiwango cha kemia, mara nyingi husikia swali jingine kabisa: mtoto wako ana akili au hana? Sivyo. Kiwango ni kina. Mada ni zile zile. Kinachobadilika ni umbali unaochimba kabla ya kuambiwa basi, inatosha.

Tuchukue chokaa. Kuta za Mji wa Kale, na za Ngome ya Yesu iliyoanza kujengwa 1593, ni mawe ya matumbawe yaliyoshikanishwa kwa chokaa, na chokaa yenyewe hupatikana kwa kuchoma matumbawe. Matumbawe ni kalsiamu kaboneti. Yakipata moto mkali, gesi ya kaboni dioksidi hutoka na kalsiamu oksidi hubaki.

Mwanafunzi wa IGCSE ya Cambridge, mtihani wa kimataifa wa sekondari, aliyesajiliwa Core, yaani kiwango cha msingi, anatakiwa ajue hayo: kilichoingia tanurini na kilichotoka. Mwenzake wa Extended, kiwango cha kina zaidi, anaongezewa hesabu za moli, kipimo cha wakemia cha kuhesabia chembe. Gramu 100 za kaboneti safi huacha gramu 56 za oksidi. 44 zimepaa na moshi. Na hapa pana jambo ambalo wazazi wengi huligundua maji yakishamwagika: gredi ya juu kabisa ya Core ni C, hata mtoto asikose swali moja. Kwa anayeinuia kusoma kemia ya A-Level, huko ni kujifungia mlango mwenyewe.

A-Level, hatua inayofuata IGCSE, ambayo mwaka wake wa kwanza huitwa AS, hurudi kwenye tanuri lile lile na kuuliza kwa nini. Kwa nini magnesiamu kaboneti huvunjika kwa joto la chini kuliko kalsiamu kaboneti, ilhali ile ya bariamu hung'ang'ania? Ioni ya magnesiamu, yaani chembe yake yenye chaji ya umeme, ni ndogo lakini chaji yake ni mbili kama za wenzake, kwa hiyo hulivuta wingu la elektroni la kaboneti na kulipotoa mpaka kifungo cha kaboni na oksijeni kinalegea. Halafu inakuja entropi, kipimo cha jinsi chembe na nishati zilivyotawanyika, inayoeleza kwa nini mmenyuko huu hautokei kwa jua la Mombasa, hata liwe la Februari, bali husubiri nyuzi karibu 900.

IB, diploma nyingine ya kimataifa, nayo ina SL (Standard Level, kiwango cha kawaida), ya saa 150 za masomo, na HL (Higher Level, kiwango cha juu), ya saa 240. Entropi hiyo, katika silabasi ya sasa, ni ya HL peke yake. Mwenye nia ya udaktari au uhandisi wa kemikali asome masharti ya chuo anachokitaka kabla ya kushika SL. Wa sheria au uchumi anayependa sayansi tu, SL yamtosha, na sioni aibu yoyote hapo.

Upande wa KCSE, mtihani wa kitaifa wa mwisho wa sekondari Kenya, swali hili halipo. Wote hufanya karatasi tatu zile zile, za alama 80, 80 na 40, ya mwisho ikiwa ya maabara. Gredi ya 10, darasa la mtaala mpya lililoanza 2026, ina uchaguzi, ila ni wa mkondo: kemia iko ndani ya STEM, yaani sayansi, teknolojia, uhandisi na hisabati. Mkondo ni nini unasoma, kiwango ni kwa kina gani, na watu huyachanganya haya mawili kila siku.

Mimi nikiulizwa ushauri, sianzi na alama za kemia. Natazama hisabati, kwa sababu huko juu kuna logi za pH, kipimo cha ukali wa asidi, na grafu za kasi ya mmenyuko, na wengi wanaokwama hukwama hapo. Kisha nampa kijana hesabu ya zile gramu 56. Wapo wanaopata jibu wakafunga daftari. Wapo wanaopata jibu wakauliza: sasa lile joto lote liliingia wapi? Hawa wa pili ndio ninaowaambia wajaribu HL.