Daftari la "Hakuna Hoja"

Nikifika kazini kwa watu kufanya ukaguzi wa mwaka wa usalama wa wafanyakazi, kabla hata sijavaa helmeti huomba daftari la kamati ya usalama. Wakati mmoja, kwenye ghala hapa Mombasa, nililetewa daftari safi kama la mtoto wa darasa la kwanza siku ya kwanza. Mikutano minne, sahihi zote zipo, na kila mara kwenye "Mengineyo" karani kaandika: hakuna hoja. Wino ule ule, mwandiko ule ule. Kumbukumbu za mwaka mzima zimeandikwa kikao kimoja, pengine asubuhi ile ile nilipopiga simu kwamba naja.

Nikatoka nje. Karibu na mizani mpakizi mmoja akaninong'oneza niitazame fokolifti ikirudi nyuma. Kimya. Waya wa king'ora chake ulikuwa umekatwa kwa sababu zamu ya usiku ilikuwa inalalamikia kelele. "Bosi, hiyo tulishasema," akaniambia. Walimwambia nani? Msimamizi. Na aliyesema akahamishiwa usiku.

Kamati yenyewe si jambo la hiari. Hapa Kenya, Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 inamtaka kila mwenye eneo la kazi lenye watu 20 au zaidi aiunde, na kanuni za mwaka 2004 zinataka viti viwe sawa kwa sawa kati ya menejimenti na wafanyakazi, wakutane angalau mara moja kila miezi mitatu. Hayo mkaguzi wa serikali anaweza kuyahesabu kwa vidole. Lakini hakuna kanuni ya kumfungua mtu mdomo. Sheria hiyo hiyo inasema mfanyakazi akiripoti hatari kubwa iliyo mbele yake, asilazimishwe kurudi hapo mpaka irekebishwe. Nimewasomea watu kifungu hicho kwenye semina nyingi. Waliowahi kukitumia ni wa kutafuta kwa tochi. Kibarua wa kulipwa kwa siku anajua vizuri ni nani atakayemchagua kesho getini.

Wenye mali nao hufikiri dawa ni zawadi. Kiwanda kimoja kilikuwa na ubao mkubwa mlangoni, "Siku bila ajali", na ukifika 100 kila mtu anapata sukari kilo mbili. Siku ya 93 nilimkuta dada mmoja nyuma ya mashine ya kufungashia, kidole kimefungwa kitambaa cha kufutia grisi, damu imeshapenya. Nilipomuuliza kwa nini hajaenda kwa mtu wa huduma ya kwanza, akasema, "Mzee, zimebaki siku saba. Niwaharibie wenzangu?"

Kwa hiyo Wamarekani wanaponisifia mpango wao wa hiari wa usalama kazini, nasikiliza kwa sikio moja. Ulianza mwaka 1982: kampuni inajileta yenyewe, inakaguliwa mfumo wake mzima, ikifaulu inaondolewa kwenye ratiba ya ukaguzi wa kawaida. Malalamiko au kifo vikitokea, mkaguzi anakuja kama kwa wengine. Kinachonipendeza ni kwamba penye chama cha wafanyakazi, kampuni haiingii bila chama kukubali. Kinachonikera ni kipimo cha majeruhi wachache kuliko wastani wa sekta. Nakiangalia, nakiona kile kitambaa cha grisi.

Niliyoona yakifanya kazi yalikuwa madogo zaidi. Kwenye kiwanda cha mafuta ya kupikia, meneja, mama mmoja asiyependa maneno mengi, alitundika daftari la kurasa 96 kantini, na kalamu imefungwa kamba. Yeyote aandike hatari aliyoiona, jina si lazima. Sharti lilikuwa kwake yeye mwenyewe: ndani ya wiki ajibu hapo hapo kwa maandishi, hata kama jibu ni "pesa hakuna mpaka Julai". Mwezi wa kwanza yaliingia mambo mawili, na moja lilikuwa ugali mbichi. Mwezi wa nne yalipita 30.

Kisha akafanya jambo lililonitisha hata mimi: akamwalika afisa wa serikali aje alione daftari. Wengi hawathubutu, na siwalaumu, maana afisa yule yule anayekushauri leo ndiye anayeweza kukupeleka mahakamani kesho. Alikuja, akasoma ukurasa kwa ukurasa, akaandika ilani ya kurekebisha kwa jambo moja tu, mkanda wa mashine usio na kinga. Mengine aliyaacha yalivyo, akasema yanajisukuma yenyewe.

Wiki iliyofuata mwenye kiwanda akanipigia, amekasirika. "Mbona hatari zimeongezeka tangu uje?" Nikamwambia hatari ni zile zile, zimepata pa kuandikwa. Hakuridhika. Nikamwomba ashuke kantini afungue ukurasa wowote. Aliufungua huu:

"Ngazi ya tangi namba 2, kipandio cha tatu kimelegea."

Chini yake, mwandiko wa meneja: "Kimechomelewa Alhamisi."

Na chini zaidi, kwa penseli: "Asante. Cha nne pia."