Bwawa la uani msimu wa baridi: anza na upepo, hita baadaye

Msimu wa baridi unapokaribia, wenye mabwawa huniuliza swali lilelile: ninunue hita gani? Nami huwarudishia swali: upepo wa hapo kwako unatoka wapi? Wengi hawana jibu. Wanajua jua linachwea upande gani na majani yanakusanyikia kona ipi, lakini upepo hawajawahi kuufuatilia, na huo ndio unaowarudisha ndani kabla kikombe cha chai hakijaisha. Kazi yangu ni kubuni na kutunza maeneo ya mabwawa ya nyumbani. Nimeona uwanja wenye hita kila kona ukikaa mtupu kipupwe kizima, na nimeona mwingine wenye ukuta mmoja tu wa mbao, lakini uliosimamishwa panapotakiwa, ukikaliwa karibu kila jioni.

Ngozi ya mtu aliyetulia huzungukwa na tabaka jembamba la hewa ambalo mwili wenyewe umelipasha joto. Upepo hulipeperusha tabaka hilo, mwili ukatengeneza jingine, nalo likachukuliwa. Hita haiwezi kushinda mchezo huo, hasa ile ya gesi yenye umbo la mwavuli, kwa kuwa sehemu kubwa ya joto lake hubebwa na hewa na kuondoka nayo. Ukituliza upepo, hita ndogo itakutosha, na siku nyingine hutaiwasha kabisa.

Kuutafuta upepo ni kazi rahisi. Chukua fito chache, kwenye kila moja funga utepe mwepesi kwa kimo cha kichwa cha mtu aliyekaa, yaani kama mita 1.2 kutoka chini. Zisimamishe kuzunguka bwawa, kisha uangalie jioni, saa zilezile unazotaka kukaa nje, kwa sababu upepo wa mchana mara nyingi si ule wa jioni. Utaona tepe nyingi zikipepea na moja au mbili zikining'inia zimetulia. Hapo penye utulivu ndipo pa kuweka viti. Usishangae ukikuta ni mbali na viti vya kiangazi vilipokuwa: vile viliwekwa mahali pa kupunga hewa, na sasa unatafuta kinyume chake.

Kama hakuna kona iliyotulia, itabidi uitengeneze. Watu wengi hukimbilia ukuta mzima, usio na tundu hata moja. Upepo ukigonga ukuta wa namna hiyo huruka juu, kisha huanguka nyuma yake ukizunguka-zunguka, na aliyekaa hapo hupigwa kutoka pande asizozitarajia. Kizuizi kinachopitisha hewa kidogo hufanya kazi vizuri zaidi: mbao zilizoachiana nafasi, wavu mzito, au ua wa mimea isiyopukutisha majani. Mimi hulenga karibu nusu iwe imezibwa na nusu iwe wazi, mara nyingi nikizidisha kidogo upande wa kuziba. Hewa inayopenya huwa imepungua nguvu na haisababishi msukosuko. Kizuizi cha mita 2 kinaweza kutuliza upepo hata umbali wa mita 20, ingawa kinga nzuri zaidi ipo karibu nacho.

Hapa kuna mgongano unaosahaulika. Jua la majira ya baridi hupita chini angani. Penye latitudo ya 45, adhuhuri ya siku fupi kuliko zote jua linakuwa kama nyuzi 22 tu juu ya upeo wa macho, na uzio wa mita 2 hutupa kivuli cha takribani mita 5. Ukiweka kizuizi upande ambao jua linatokea, umejikinga upepo na umejinyima jua, na kusema kweli jua la saa nane mchana lina thamani kuliko hita yoyote. Upande huo, kama ni lazima kuziba, tumia kioo. Ni ghali na kinadai kufutwa mara kwa mara, lakini ndipo mahali pekee ninapokipendekeza bila kusita.

Punguza uwanja

Uwanja wa bwawa hujengwa kwa ajili ya kiangazi: mpana, wazi, vitanda vya jua vimepangwa kwa safu, kila mtu na nafasi yake. Msimu wa baridi upana huo huo unageuka ukiwa. Mtu akikaa katikati ya sakafu kubwa tupu, huku maji yamekaa kimya mbele yake, hujihisi yuko pembeni ya kitu kilichofungwa. Kwa hiyo sipambi uwanja mzima. Nachagua kona moja, nahamisha vitanda vya jua viondoke machoni kabisa, na vitu vyote vizuri navikusanya pale: viti vinavyotazamana, meza ya chini, zulia la nje, vyungu vikubwa vya mimea vinavyofunga mgongo wa kona. Maji yawe ubavuni, si mbele. Watu watazamane wao kwa wao, na bwawa liwe kitu ambacho jicho hulipitia mara kwa mara.

Kona hiyo iwe karibu na mlango wa nyumba. Najua ile sehemu ya mwisho wa bwawa ndiyo yenye mandhari nzuri. Lakini katika baridi, kila hatua ya kuelekea huko ni sababu ya kurudi ndani, na aliyekwenda kuleta kahawa hatarudi haraka. Njia ya kutoka mlangoni iwe kavu na iwe na taa, la sivyo yote mengine ni bure.

Sakafu nayo ina neno lake. Jiwe na mbao zilizolala nje usiku mmoja zina joto lilelile, ila jiwe hulinyonya joto la mguu haraka mno, na ndiyo maana linaonekana baridi zaidi. Sihitaji kung'oa vigae vya mtu. Zulia la nje lililofumwa kwa plastiki, au jukwaa dogo la mbao juu ya vigae, linatosha kuikinga miguu. Zulia linyanyuliwe kila baada ya siku chache likauke upande wa chini, kwa sababu unyevu ukikaa hapo mwani huota na sakafu huteleza.

Viti viwe na migongo mirefu. Moto hukupasha mbele tu, na mtu hugundua kuwa amepoa mgongo pale anaposimama kuondoka. Kiti chenye mgongo mrefu kilichoegemea ukuta uliopigwa na jua mchana ni raha ya pekee: ukuta wa matofali au wa mawe huendelea kutoa joto taratibu hata baada ya jua kuzama. Blanketi zisilale nje. Hata zikiwa chini ya paa hunyonya umande, na blanketi yenye unyevunyevu ni mbaya kuliko kukosa blanketi. Kapu kubwa ndani ya nyumba, kando kabisa ya mlango, ndilo suluhisho: anayetoka anachukua, anayeingia anarudisha.

Moto

Shimo la moto huwavuta watu kuliko kifaa chochote kingine, nami nalipenda. Liwe mbali na nyumba, matawi na vitambaa kwa mita 3 au zaidi, na viti viwe kama mita 1 hadi 1.5 kutoka ukingoni. Kuni ziwe kavu, unyevu wake usizidi asilimia 20, maana kuni mbichi hutoa moshi tu na kuwaudhi wageni. Usichome mbao za ujenzi zilizotiwa dawa: baadhi yake zina aseniki, na moshi na majivu yake ni sumu. Usipange mawe ya mtoni kuzunguka moto pia. Maji yaliyojificha ndani yake yakichemka, jiwe linaweza kupasuka na kurusha vipande. Na ukishaziba kona kwa turubai pande zote, usiingize moto wala makaa humo. Hewa ya kaboni monoksaidi haina harufu wala rangi, na imeua watu waliodhani wanajikinga baridi.

Kwa hita, mimi huchagua zile za umeme zinazomulika joto moja kwa moja mwilini badala ya kupasha hewa. Huwekwa ukutani juu ya vichwa, zikielekezwa kwenye viti. Usitegemee kuwa moja itapasha uwanja: ukiongeza umbali mara mbili, joto linalokufikia hupungua sana. Fundi umeme mwenye sifa ndiye aifunge, mbali na maji, na kwenye saketi yenye kikata umeme cha miliampea 30, yaani kile kinachozima umeme mara unapovuja.

Kupasha maji au kutoyapasha

Hapa ndipo pesa nyingi hupotea, basi nitaweka hesabu. Bwawa la mita 8 kwa 4, lenye kina cha wastani cha mita 1.5, lina lita 48,000. Kulipandisha nyuzi 1 tu ya Selsiasi kunahitaji joto la takribani uniti 56, yaani kilowati-saa 56. Kulitoa nyuzi 12 hadi 28 ni karibu uniti 900, na hapo sijahesabu joto linalopotea wakati unasubiri. Joto hilo hupotea hasa kwa maji kugeuka mvuke. Kila milimita 1 ya maji inayokauka juu ya bwawa hilo ni lita 32, na huondoka na uniti 22 hivi. Ule mvuke unaopendeza juu ya bwawa lenye joto jioni ya baridi ni bili yako inayopaa. Pampu ya joto hupunguza umeme unaotumika, kwa kuwa hukusanya joto kutoka hewani, lakini kadiri hewa inavyopoa ndivyo uwezo wake unavyoshuka.

Sasa linganisha na beseni la maji moto la lita 1,200. Kulitoa nyuzi 12 hadi 38 ni kama uniti 36, chini ya gharama ya kulipandisha bwawa zima nyuzi moja. Ndiyo maana ushauri wangu kwa familia nyingi ni kuliacha bwawa lipoe na kupasha beseni dogo kando yake. Maji ya beseni yasizidi nyuzi 40, na mjamzito au mwenye maradhi ya moyo amwone daktari kwanza. Wale wanaopenda kutoka kwenye moto na kujitupa kwenye bwawa baridi wasifanye hivyo peke yao. Maji yaliyo chini ya nyuzi 15 humfanya mtu avute pumzi kwa ghafla bila kutaka, na kichwa kikiwa chini ya maji pumzi hiyo ni hatari.

Ukiamua kupasha bwawa zima, kifuniko si hiari. Lifunike kila wakati lisipotumika. Ukiamua kutolipasha, na kama kwako maji hayagandi, una uhuru wa kuliacha wazi, na hapo bwawa linapata kazi mpya: kioo.

Maji yaliyotulia usiku huakisi kila chenye mwanga upande wa pili. Lakini kioo hicho hufa ukiwasha taa zilizo ndani ya maji, kwa kuwa jicho linapenya hadi sakafuni na kuona vigae na majani yaliyozama. Chagua kimoja. Mimi msimu wa baridi huzima taa za majini, kisha naangaza mti au ukuta wa ng'ambo kwa taa ndogo za volti 12 zilizofichwa chini, zenye mwanga wa manjano wa kelvini 2,700. Kabla ya kuzifunga, nakaa kwenye kiti chenyewe, msaidizi anazunguka ng'ambo na tochi, namwambia apande, ashuke, asogee kushoto, mpaka mti uonekane mara mbili, juu na ndani ya maji. Ukifanya kazi hiyo umesimama utakosea, kwa sababu macho ya aliyekaa yapo chini zaidi. Taa kali ya ukutani inayomulika uwanja mzima izimwe. Bakisha tu mwanga hafifu kwenye ukingo wa bwawa, ili asiyeujua uwanja aone sakafu inapoishia.

Maporomoko ya maji ya bwawani nayo mimi huyazima. Sauti yake inayoburudisha kiangazi humfanya mtu ahisi baridi zaidi jioni ya kipupwe, yanavuruga kioo, na yakimwaga maji hewani yanayapoza haraka. Pampu ya kuchuja iendelee kwa saa chache kila siku. Maji baridi hayaoti mwani upesi, hivyo kazi ni ndogo, ila majani yatolewe kabla hayajazama na kuacha madoa. Usilimwage bwawa ukidhani unajipunguzia kazi: maji ya ardhini yanaweza kulisukuma bwawa tupu likainuka na kupasuka. Kwenye baridi ya kugandisha, mabomba hutolewa maji na bwawa hufunikwa, kwa kuwa maji yakiganda hutanuka karibu asilimia 9.

Suala la watoto nisingependa lipite hivihivi, maana msimu wa baridi watu hulegeza macho kwa kudhani hakuna anayeogelea. Kifuniko chepesi cha mapovu kinachoelea hakimbebi mtoto. Humwachia azame, kisha humfunika. Kinachofaa ni kifuniko cha usalama kilichokazwa pande zote na kinachobeba uzito wa mtu mzima. Uzio ubaki, wenye kimo cha angalau mita 1.2, na lango lijifunge lenyewe. Ukimaliza kupanga kona yako mpya, zunguka uzio wote ukitazama kila kiti, chungu na rundo la kuni ulilohamisha. Chochote ambacho mtoto wa miaka 3 anaweza kupandia kisogezwe mbali na uzio siku hiyohiyo.