Kupiga Picha za Dubu na Ndege wa Porini: Subira na Umbali

Mwaka 1988, kwenye maporomoko ya Brooks katika Hifadhi ya Taifa ya Katmai, Alaska, mpiga picha Thomas Mangelsen alimnasa samaki aina ya samoni akiwa hewani, karibu kabisa na kinywa cha dubu kilichokuwa wazi. Wakati huo picha zilipigwa kwa filamu, kwa hiyo hakuiona mpaka iliposafishwa wiki kadhaa baadaye. Wengi huiita bahati. Mimi naiona zaidi kuwa ni tunda la maarifa, kwa sababu kila Julai samoni hupanda mto huo kwenda kutaga mayai, na maporomoko yenye kimo cha karibu mita 2 huwalazimisha kuruka pale pale dubu wanaposimama kuwangoja. Anayelijua hilo anajua pa kuelekeza lenzi, hata kama hawezi kujua sekunde yenyewe.

Ndege nao hutoa dalili. Kila Machi, makorongo kwa mamia ya maelfu hutua katika Mto Platte, jimbo la Nebraska, Marekani, na kabla ya kuruka korongo huegemea mbele akiwa amenyoosha shingo, mara nyingi akielekea upepo unakotoka. Ukiiona dalili hiyo, ukawa umekwisha kuweka kasi ya shata, yaani muda ambao kamera hufunguka kupokea mwanga, kwenye 1/2000 ya sekunde, utakuwa tayari kabla mabawa hayajafunguka.

Kwa dubu, dalili hizo zinahusu pia uhai wako. Afrika haina dubu wa porini leo, na sisi tuliozoea kusoma masikio ya tembo na mkia wa simba hatuna mazoea naye. Dubu anayegonganisha meno, anayepumua kwa kishindo au kudondosha mate ana wasiwasi; hata miayo, ambayo wapiga picha huifurahia wakidhani ni uchovu, huweza kuwa ishara hiyo hiyo. Katmai hudai umbali wa yadi 50, yaani kama mita 45, na Yellowstone, hifadhi nyingine ya Marekani, yadi 100, kama mita 91. Nunua lenzi ndefu, au ukubali picha yenye dubu mdogo na mandhari pana, ambayo mara nyingi hueleza mengi zaidi. Kumtupia chakula ili asogee ni kumfundisha kuwafuata watu, na dubu wa namna hiyo mara nyingi huishia kuuawa.

Kwenye viota ninaomba uangalifu mkubwa zaidi. Usikate tawi wala kusogeza majani ili mwanga uingie, kwani majani hayo ndiyo yanayowaficha makinda wasionekane na mwewe na kuwakinga na jua. Mzazi akikaa tawini na mdudu mdomoni, akilia bila kuingia kiotani, ondoka mara moja: anangoja uende ndipo awalishe.