Je, wajua kwa nini sauti na sura yako hukushangaza zinaporekodiwa?

Wengi wetu hapa Mwanza tumewahi kurekodi ujumbe wa sauti kwenye simu, tukausikiliza kabla ya kuutuma, kisha tukajiuliza kama kweli ndivyo tunavyosikika. Sauti ile huonekana nyembamba na kavu, kana kwamba imetoka kwa mtu mwingine. Simu haina kosa.

Unapozungumza, sauti yako huyafikia masikio yako kwa njia mbili. Ya kwanza ni hewa, ambayo ndiyo njia inayowafikishia sauti hiyo watu wote walio karibu nawe. Ya pili ni mifupa ya fuvu lako mwenyewe, ambayo husafirisha vizuri zaidi mitetemo ya chini, ile inayoipa sauti uzito. Kinasa sauti hupokea ya hewani peke yake. Kwa hiyo sauti uliyoizoea tangu utotoni ukaiita yako hakuna mtu mwingine aliyewahi kuisikia, hata mama yako mzazi.

Sura nayo ina habari inayofanana na hiyo. Wewe unaijua kupitia kioo, ambacho hugeuza kulia kuwa kushoto. Wenzako wanaiona bila kugeuzwa. Mwaka 1977 watafiti wa Marekani Mita, Dermer na Knight waliwaonyesha wanawake picha mbili za nyuso zao, moja ikiwa kama inavyoonekana kwenye kioo na nyingine kama watu wanavyowaona. Wenyewe walielekea kuipenda ya kioo, ilhali marafiki na wapenzi wao walielekea kuipenda ile nyingine. Kila upande ulichagua sura uliyoizoea, na ninaona jambo hili ni zito kuliko linavyodhaniwa, kwa sababu linaonyesha kwamba hata hukumu yetu juu ya uzuri wetu wenyewe hutegemea mahali tulipokuwa tumesimama tukitazama.

Kamera huongeza ya kwake. Mtu akisimama Capri Point au mbele ya Jiwe la Bismarck saa za mchana, ziwa linang'aa nyuma yake, na kamera inayojipimia mwanga yenyewe hupunguza mwanga wa picha nzima ili maji yasitoke meupe kupita kiasi, hivyo uso hutoka mweusi usiosomeka. Akiishika simu umbali wa sentimita 30 hivi, pua hupanuka. Hesabu iliyochapishwa na madaktari wa Marekani mwaka 2018 ilikadiria ongezeko la karibu asilimia 30 likilinganishwa na picha iliyopigwa kutoka mita moja na nusu. Zamani za mikanda ya filamu hali ilikuwa mbaya zaidi kwetu. Kwa miongo kadhaa, kuanzia miaka ya 1950, maabara za picha zilirekebisha rangi kwa kufuata kadi za kampuni ya Kodak zilizokuwa na picha ya mwanamke Mzungu, na ngozi nyeusi ikawa inapoteza undani wake kwenye karatasi. Hapo kigezo cha uzuri kilikuwa kimeshaingizwa katika mitambo kabla mteja hajaketi kwenye kiti cha studio.

Sasa inaeleweka kwa nini wasanii wanaojichunguza nafsi hawatosheki na chombo kimoja. Samuel Fosso, aliyezaliwa Kameruni mwaka 1962, alifungua studio mjini Bangui akiwa na miaka 13, na jioni alitumia filamu iliyobaki baada ya wateja kujipiga picha mwenyewe akiwa amevaa mavazi ya kila namna, nyingine akimtumia bibi yake nchini Nigeria. Zanele Muholi wa Afrika Kusini, katika picha za nafsi yake alizoanza mwaka 2012, huongeza utofauti wa mwanga na kivuli hadi ngozi iwe nyeusi kuliko ilivyo, akifanya kwa makusudi kile ambacho mitambo ilikuwa ikikifanya bila kujali. Mwaka 1974 Nancy Holt na Richard Serra waliunganisha video na sauti: Holt alivaa spika za masikioni zilizomrudishia maneno yake kwa kuchelewa kidogo, naye akaeleza jinsi kuchelewa huko kulivyokuwa kukimkwamisha kufikiri. Anayetazama anaona uso mmoja na kusikia nafsi mbili zikipishana, jambo ambalo picha iliyotulia haiwezi kulionyesha.

Usukumani wazo hili si geni. Katika mashindano ya ngoma yanayoendelea hadi leo wakati wa sikukuu ya Bulabo huko Bujora, makundi ya Bagalu na Bagika huonyesha wao ni nani kwa mavazi, wimbo, mdundo na mwili kwa wakati mmoja, na mshindi ni yule aliyevuta umati mkubwa zaidi. Mchezaji hajioni anapocheza. Umati ndio unaomwona. Ninaamini kijana wa Ilemela au Nyamagana anayetaka kutengeneza sanaa ya nafsi yake kwa simu na projekta ana mengi ya kujifunza pale kuliko katika vichujio vya kulainisha ngozi.

Anaweza kuanza kwa vifaa vichache sana. Aonyeshe ukutani picha mbili za uso wake, ya kioo na isiyogeuzwa, zote zikiwa zimepigwa kutoka mita moja na nusu, jua likiwa limeshuka na ziwa likiwa upande wake badala ya nyuma yake. Kando yake aweke sauti yake mara mbili: moja kama ilivyorekodiwa, nyingine ikiwa imeongezwa uzito wa chini hadi afikie ile anayoisikia kichwani. Kisha awaulize ndugu na majirani ni ipi wanayoitambua, na majibu yao ayarekodi yawe sehemu ya kazi yenyewe.