Amri za Bomani: namna ya kusoma matangazo madogo ya serikali ya kikoloni

Wengi wanaokuja kutafuta historia ya ukoloni kwenye nyaraka huulizia mambo makubwa: mikataba, vita vya Maji Maji, barua za siri za magavana. Majalada hayo yapo na yana thamani yake. Lakini mkulima wa Uluguru au mvuvi wa Bagamoyo hakuwahi kumwona gavana. Aliyemfahamu ni tarishi aliyefika na karatasi kutoka bomani, yaani ofisi ya serikali ya wilaya, na jumbe, mkuu wa kijiji, aliyesimama mbele ya watu kuisoma. Karatasi hiyo ndiyo iliyomwambia apande muhogo kiasi gani, ngoma aombe ruhusa kwa nani, ng'ombe awapeleke wapi na kodi ailipe lini. Kwa maoni yangu utawala wa kikoloni ulikaa hapo zaidi ya ulivyokaa ikulu, na ndiyo maana nawaomba wasomaji waanze na makaratasi haya yanayoonekana hayana maana.

Kwanza tuangalie amri ilivyosafiri. Chini ya Wajerumani, kuanzia miaka ya 1890, maagizo yalitoka kwa mkuu wa wilaya kwenda kwa maliwali na maakida, yaani wasimamizi wa miji na wa vijiji kadhaa waliokuwa chini yake, kisha kwa majumbe. Mwanzoni barua nyingi za pwani ziliandikwa Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, kwa kuwa ndizo walizozisoma wenyeji waliojua kusoma. Baadaye shule ya serikali ya Tanga ilitoa makarani wa kuandika kwa herufi za Kirumi, na kuanzia 1904 shule hiyo ikawa inachapisha gazeti la Kiongozi. Waingereza walipoichukua Tanganyika walikuwa na Gazeti la Serikali lililochapishwa Dar es Salaam kwa Kiingereza, na mwaka 1923 Idara ya Elimu ikaanzisha Mambo Leo kwa Kiswahili.

Hata hivyo waliojua kusoma walikuwa wachache, kwa hiyo neno la serikali lilifika kwa mdomo. Bwana DC, yaani mkuu wa wilaya wa Kiingereza, alipokwenda safari wilayani aliitisha baraza chini ya mti, na yeye asipokuwapo mpiga mbiu alipita jioni. Watu wetu walisema "ikilia mbiu ya mgambo kuna jambo" na serikali ikaikuta njia hiyo imekwisha kufunguliwa, ikaitumia. Mtafiti asilisahau hili. Sheria kamili, pamoja na misamaha yake, masharti yake na haki ya kukata rufaa, ilibaki katika kurasa za Kiingereza. Kilichofika kijijini mara nyingi ni vipande viwili tu: jambo gani ni lazima, na adhabu yake ni ipi. Ukisoma sheria ndani ya Gazeti la Serikali usidhani umesoma kile watu walichosikia.

Amri iliyoingia ndani kabisa ya nyumba ilikuwa kodi. Wajerumani walitunga sheria ya kodi ya nyumba mwaka 1897, na utekelezaji ukaanza 1898. Vijijini kiwango kilikuwa rupia 3 kwa kibanda kwa mwaka. Rupia haikuota shambani. Ilipatikana kwa kuuza mazao, kuuza mifugo, au kwenda kufanya kazi kwa aliyekuwa nazo, na aliyeikosa alilipa kwa jasho lake kwenye kazi za serikali. Maofisa hawakuficha kwamba lengo mojawapo lilikuwa kumtoa mtu kijijini akafanye kazi ya ujira. Na kwa sababu hesabu ilifuata vibanda, familia zilijibana: waliokuwa na vibanda viwili wakaishi kimoja, vijana wakalala kwa wazee wao. Waingereza nao walipoweka sheria yao ya kodi ya nyumba na kichwa mwaka 1922 waliziba mwanya huo kwa kumtoza pia mwanamume mzima asiye na nyumba yake, na mwenye wake wengi akalipia zaidi.

Tazama jinsi kanuni moja ilivyobadilisha sura ya mji wa mtu. Hakuna askari aliyekuja kuvunja ukuta. Mstari wa kodi ulitosha.

Stakabadhi ya kodi nayo ilipata uzito ambao haukutajwa popote wakati inachapwa. Mtu aliyesafiri bila hiyo alikuwa hatarini kukamatwa kama mkwepa kodi, hata kama alikuwa amelipa na karatasi imeliwa na mchwa. Ndiyo maana wazee wetu walizifunga ndani ya kitambaa na kuzihifadhi pamoja na vitu vya thamani.

Kazi nayo ilikuwa na karatasi zake. Wilaya ya Wilhelmstal, ambayo leo ni Lushoto, ilianzisha mwaka 1907 utaratibu wa kadi uliomtaka kila mwanamume mzima afanye kazi siku 30 kwa mwajiri wa Kizungu ndani ya miezi minne. Asiyeijaza kadi yake alipelekwa kwenye kazi za serikali. Huko Kenya sheria ya kusajili wenyeji ilitungwa 1915 ikaanza kutekelezwa Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia ilipokwisha. Ndiyo iliyoleta kipande: alama za vidole, jina la mwajiri, tarehe ya kuingia na kutoka kazini, vyote ndani ya kikopo cha chuma kilichoning'inizwa shingoni. Mwajiri asipotia saini ya kumwachia, mfanyakazi hakuweza kuajiriwa kwingine kihalali. Hasira juu ya kipande, kodi na kazi za kulazimishwa ndiyo iliyowakusanya watu wa Nairobi mwezi Machi 1922 Harry Thuku, kiongozi wao wa kisiasa, alipokamatwa, na polisi wakawafyatulia risasi.

Nikiulizwa ni sheria gani moja ya kuisoma ili kuyaelewa matangazo ya Tanganyika, nitataja ile ya Mamlaka za Wenyeji ya 1926, ya wakati wa Gavana Donald Cameron. Iliwapa watemi na machifu uwezo wa kutoa amri kwa watu wao juu ya mambo ya kila siku: kupika pombe, kubeba silaha, kukata miti, kuchafua vijito, kuzuia magonjwa ya watu na wanyama, kulima chakula cha kutosha. Ukilifungua jalada la wilaya yoyote la miaka ya 1930 utaziona amri hizo zikifuatana. Kila kaya ipande muhogo. Watu watoke kuchimba mitaro ya kunasa tunutu, yaani nzige wachanga wasioruka bado, maana miaka hiyo nzige walishambulia sana. Pori lifyekwe ili mbung'o wapungue. Kwenye maeneo ya malale watu waliamriwa wahame makazi yao ya kutawanyika na kukusanyika sehemu moja.

Hapa lazima nitende haki. Baadhi ya amri hizi zilikuwa na faida ya kweli. Muhogo hustahimili ukame na hukaa ardhini ukisubiri, na umeokoa kaya nyingi mahindi na mtama yalipokauka. Chanjo ya ndui iliokoa watu. Shida ya mfumo huu haikuwa kwamba kila agizo lilikuwa baya. Ilikuwa kwamba aliyeamriwa hakuulizwa, na hakuwa na pa kwenda kusema agizo limekosewa. Chifu ndiye aliyetangaza amri, watumishi wake ndio waliomkamata mkaidi, baraza lake ndilo lililohukumu, na faini iliingia katika hazina ya mamlaka ya wenyeji, hazina ileile iliyolipa mishahara ya chifu na watumishi wake. DC aliweza kuipitia hukumu, lakini mara nyingi amri yenyewe ilikuwa imetoka kwake, chifu akatia muhuri. Kwa hiyo ukiona tangazo limeandikwa "amri ya mtemi", tafuta barua iliyotangulia kutoka bomani kabla hujamlaumu mtemi au kumsifu.

Mjini mambo yalikuwa na sura nyingine. Mwaka 1924 Dar es Salaam iligawanywa kwa kanuni za ujenzi katika kanda tatu: nyumba za mtindo wa Kizungu, nyumba za makazi na biashara, na nyumba za wenyeji. Ukizisoma haraka utadhani zinahusu matofali, mabati na nafasi kati ya nyumba na nyumba. Wakazi hawakudanganyika. Waliita sehemu hizo Uzunguni, Uhindini na Uswahilini, na kiwanja cha wazi cha Mnazi Mmoja kikabaki kuwa mpaka kati ya Kariakoo na mji wa wengine. Kanuni ilizungumzia jengo na kumpanga mtu. Mbinu hii inajirudia katika sheria nyingi za miji ya wakati huo, nami huwahimiza wanafunzi wazisome pamoja na ramani, kwa sababu maandishi peke yake yanaficha.

Mkazi wa Uswahilini alizungukwa na vibali. Ngoma ilihitaji kibali, pombe ilihitaji leseni, kutembea usiku wa manane kulihitaji sababu. Bwana Afya, mkaguzi wa usafi wa serikali, aliingia uani kukagua mitungi na makopo yenye maji yaliyotuama, na akikuta viluwiluwi vya mbu mwenye nyumba alitozwa faini. Wakati huohuo maji ya bomba, mitaro na taa vilianzia Uzunguni. Ndiyo maana matangazo ya usafi ya miaka hiyo yana uchungu ambao msomaji wa leo hauoni mara moja: mtu aliagizwa awe msafi kwenye mtaa ambao serikali yenyewe haikuusafisha.

Sasa niseme kuhusu namna ya kuyasoma. Tangazo linaeleza serikali ilitaka nini, halielezi watu walifanya nini. Lakini likisomwa kwa makini linatoa ushahidi kinyumenyume. Marufuku ya kupika pombe bila leseni ikitolewa mwaka huu, ikarudiwa mwaka unaofuata, kisha ikaja tena na faini kubwa zaidi, ujue pombe ilikuwa inapikwa. Agizo la kuwataka majumbe waorodheshe vibanda "bila kuficha" linakuonyesha majumbe waliokuwa wakificha. Kwa mtindo huo mtafiti anaweza kusikia sauti za watu ambao hawakuacha maandishi hata mstari mmoja.

Pia zifuatilie amri zilizoshindwa, kwani ndizo zenye majalada manene. Mwaka 1902 Wajerumani walianza kulazimisha mashamba ya pamoja ya pamba katika wilaya za pwani ya kusini. Julai 1905, kule Nandete katika milima ya Umatumbi, watu waling'oa pamba kwenye shamba la akida, na vita vya Maji Maji vikaanza. Machakos mwaka 1938 serikali ya Kenya iliamuru mifugo ipunguzwe kwa nguvu. Wakamba wakaenda Nairobi kwa miguu na kukaa huko wakidai ng'ombe wao, na ulazima huo ukaondolewa. Upare, kodi mpya iliyokadiriwa kwa mali ya mtu iliibua harakati za Mbiru kuanzia 1945. Maelfu walikusanyika Same, wanawake nao wakaingia, na mwisho kodi hiyo ikaachwa.

Mfano wa Uluguru ndio unaonigusa zaidi. Wataalamu waliona udongo unateremka na mvua kwenye miteremko mikali, nao hawakuwa wakiota: mmomonyoko ulikuwepo. Wakaamuru watu wachimbe ngazi za matuta milimani. Walichokosa kuona ni kwamba udongo wenye rutuba kule ni mwembamba, na kuchimba ngazi kulileta juu udongo usiozaa kitu. Wakulima waliliona hilo katika mavuno yao wenyewe. Serikali ilichukulia kukataa kwao kuwa ni ukaidi, ikaongeza kesi na faini. Mwaka 1955 zikatokea ghasia, polisi wakatumia silaha, na mpango ukafa. Katika majalada ya mipango ya namna hii hesabu za matuta ni nyingi kuliko maneno ya waliokuwa wakiyachimba. Si ajabu kwamba TANU, iliyozaliwa mwaka mmoja kabla, ilipata wanachama kwa kasi penye amri za matuta, majosho na kupunguza mifugo. Serikali ilijibu kwa kanuni nyingine: usajili wa vyama, vibali vya mikutano, na mwaka 1957 Julius Nyerere akazuiwa kuhutubia hadhara.

Sehemu kubwa ya karatasi hizi haiko kwenye maktaba yoyote. Nakala za matangazo zilibanduliwa na mvua, na stakabadhi zikabaki mikononi mwa walipaji. Kama nyumbani kwenu kuna stakabadhi ya kodi, kadi ya kazi, leseni ya baiskeli au kibali cha ngoma, usikitupe kwa kuwa kimechakaa. Usikibandike gundi ya utepe wala kukiziba ndani ya plastiki kwa moto, kwani gundi na joto huimaliza karatasi. Toa pini na vibanio vya chuma vyenye kutu, kiweke ndani ya bahasha kavu mbali na jua na mchwa, na kipige picha pande zote mbili, kwani nyuma mara nyingi kuna mwandiko wa karani. Muulize mkubwa wa ukoo ilikuwa ya nani, alikuwa akiishi wapi na alilipaje, kisha uandike majibu kwenye karatasi nyingine na kuyaweka pamoja. Ukiwa tayari kuonyesha, ofisi za nyaraka zinaweza kutengeneza nakala na wewe ukarudi nyumbani na karatasi yako.