Mgonjwa Anapotamani Kufa: Ni Nini Kinachomsukuma?

Ndugu wengi wanaouguza hushtuka pale mgonjwa aliyelala kwa miezi kadhaa anaposema, "Bora Mungu anichukue," au anapomwomba daktari sindano itakayomlaza asiamke tena. Mara nyingi jibu huwa la kumnyamazisha: usiseme hivyo, ni kufuru. Jibu hilo hutolewa kwa upendo, lakini humwacha mgonjwa na fikra zile zile, safari hii bila mtu wa kumweleza.

Sisi tunaotoa tiba shufaa, yaani huduma ya kumpunguzia mateso mgonjwa mwenye ugonjwa mzito, huyachukulia maneno hayo kuwa ni dalili yenye chanzo kinachopaswa kutafutwa. Wengi hufikiria maumivu kwanza, na ni kweli kwamba maumivu yasiyotulizwa humfikisha mtu pabaya. Hata hivyo, katika jimbo la Oregon nchini Marekani, ambako tangu mwaka 1997 sheria inamruhusu mgonjwa aliye katika hatua za mwisho kuandikiwa dawa ya kukatisha uhai wake, ripoti za kila mwaka huonyesha kwamba sababu zinazotajwa zaidi ni kupoteza uwezo wa kujiamulia mambo, kushindwa kufanya yale yaliyompa furaha, na kuvunjiwa heshima na ugonjwa, ilhali wanaotaja maumivu ni wachache kuliko hao. Sheria hiyo si mada yetu leo. Sababu hizo ndizo muhimu, kwa kuwa hata wodini kwetu husikika, pamoja na nyingine isiyokosekana: "Nawatia hasara." Mzazi anayejua kwamba shamba limeuzwa ili atibiwe huanza kujihesabu kuwa mzigo, hata kama hakuna aliyemwambia hivyo.

Chukulia mwanamke mwenye saratani ya titi iliyopasuka na kuwa kidonda kinachonuka. Wajukuu hawaingii tena chumbani, wageni humsalimia wakiwa mlangoni, naye hula peke yake. Akisema amechoka kuishi, huenda kinachomchosha ni upweke ulioletwa na harufu hiyo. Muuguzi anaweza kukisafisha kidonda kwa maji yenye chumvi, akanyunyizia unga wa vidonge vya metronidazo vilivyosagwa, na kwa kawaida harufu hupungua ndani ya siku chache. Ni dawa ya bei nafuu, na inasikitisha kwamba familia nyingi hazijawahi kuambiwa habari zake.

Kwa wengine chanzo ni sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito isiyoisha, ambayo hutibika hata kwa mtu mwenye ugonjwa usiopona. Tamaa yenyewe pia hubadilika: mgonjwa aliyeomba kufa asubuhi anaweza jioni kuulizia tarehe ya kliniki, wala hajigeuzi wala hadanganyi.

Kuhusu mofini ya maji, ambayo wengi huiona kama dawa ya kuagia, ikitolewa kwa kipimo sahihi, kwa kawaida kila baada ya saa nne pamoja na dawa ya kulainisha choo, hutuliza maumivu bila kuharakisha kifo.

Mgonjwa akitamka maneno hayo, keti karibu naye umuulize ni lipi linalomwelemea zaidi, na kama amefikiria kujidhuru. Kumuuliza hakumpandikizii wazo hilo. Ukigundua kwamba anaweka akiba ya vidonge au ameshapanga namna ya kufanya, usimwache peke yake, ziondoe dawa karibu naye, na uwaite wahudumu wa afya siku hiyo hiyo.